Mabehewa yamelala upande gani?

Alhamisi ya tarehe 23 Juni 2016 nilipiga kura Uingereza, ile ya nchi kubaki Umoja wa Ulaya au kutoka, nikiwa na pasipoti ya Tanzania na viza iliyobakiza miezi 14. Nikiwasimulia watu wa nyumbani, wanadhani nimechanganya mambo. Lakini sheria ya hapa ndivyo ilivyo: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anajiandikisha na kupiga kura. Mtanzania anapiga, Mkenya anapiga, hata Mnyarwanda, ambaye nchi yake imeingia Madola mwaka 2009 tu, anapiga. Mpolandi aliyekaa miaka 11, analipa kodi, watoto wake wamezaliwa hospitali ya hapa hapa, yeye kura hii hapigi. Na kura yenyewe ilikuwa inamhusu yeye.

Kituo changu kilikuwa ukumbi wa kanisa, Leicester. Nilijiandaa kwa foleni ya kwetu, ile ya kuamkia alfajiri na kigoda. Nikakuta watu watatu na mbwa. Nikamwambia mama aliyekaa mezani kwamba kadi yangu ya kupigia kura nimeiacha kazini. Niliibana kwa sumaku kwenye mlango wa friji ya chumba cha chai nisije nikasahau siku, na sasa nimesahau kadi yenyewe. Akacheka. Kadi si lazima, akasema, taja jina na anuani. Hakutaka kitambulisho, hakunichovya kidole kwenye wino. Akaweka rula juu ya daftari, akapiga mstari kwenye jina langu, akanipa karatasi.

Kwenye kibanda kulikuwa na penseli imefungwa kwa uzi. Wiki ile watu wa upande wa kutoka walikuwa wanahimizana mitandaoni kila mtu aende na kalamu yake ya wino, kwamba penseli itafutwa usiku na wakubwa. Siwezi kuficha, nilifurahi kidogo. Kumbe na wao wana wasiwasi wa masanduku. Swali lilikuwa fupi: nchi ibaki mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au itoke? Visanduku viwili. Itoke vipi, ilipe nini, mpaka ukae wapi, wageni waliokwisha kuingia wafanyweje, hayo hayakuwemo. Nikaweka alama kwenye kubaki, nikapanda basi kwenda zamu ya usiku.

Nisijifanye mpenzi wa Ulaya. Sikuwa na ugomvi nayo wala mapenzi nayo. Ila mtu anayeishi kwa viza ya muda hapendi nyumba aliyopanga ianze kuyumba, hata kama ufa uko chumba cha mwenzake.

*

Wiki moja kabla nilikuwa mtaa wa Belgrave, dukani kwa mzee mmoja wa Kigujarati ninakonunua unga wa sembe na mihogo. Kazaliwa Kisumu, kafanya biashara Kampala, na Kiswahili anakizungumza kwa raha zake zote. Leicester imejaa watu wa namna yake. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku. Wakaja. Leo ukiondoa maduka yao, mji unabaki na nini? Mpira, labda. Na kwa kweli mwaka ule mpira ulikuwa umetutia wazimu: mwezi Mei Leicester City ilikuwa imebeba ubingwa wa ligi kuu wakati mwanzo wa msimu wachezesha kamari waliipa nafasi moja kati ya 5,000. Ulikuwa mji ambao ukimwambia mtu jambo haliwezekani, anakucheka.

"Mimi, kijana, napiga kutoka," mzee akaniambia.

"Wewe, mzee? Uliyekuja na sanduku moja?"

"Ndiyo, mimi. Mtoto wa dada yangu yuko Nairobi, daktari wa meno. Mama yake kafia hapa, viza ya kuja kuzika kanyimwa. Mama yake mzazi! Sasa niambie, yule kijana wa Romania anayepanga maboksi pale nje, alikuja na nini? Kitambulisho. Kikadi kama cha maktaba."

Sikuwa na jibu. Kampeni ya kutoka ilikuwa inawaambia watu kama yeye maneno hayo hayo: mlango wa Ulaya ukifungwa, wa Madola utafunguliwa. Na hasira yake naijua. Nina rafiki wa Muheza mwenye makazi ya kudumu hapa. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2024 mtu wa namna yake akitaka kumleta mkewe ilikuwa lazima aonyeshe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Rafiki yangu alikuwa anafagia ofisi mbili na bado hafiki. Mpolandi mwenzangu kazini alimleta mumewe kwa basi.

*

Nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Usiku ule tulikuwa wawili juu na nesi mmoja chini, na televisheni ya sebuleni tuliiacha ikiwaka bila sauti. Saa sita na dakika ishirini yakaja matokeo ya Sunderland: kutoka, asilimia 61. Sikuielewa Sunderland ni nini mpaka nilipoona uso wa mtangazaji. Nikaenda kuwageuza wazee, nikarudi, nikaenda kubadilisha shuka, nikarudi. Kila nikirudi namba zimebadilika. Leicester yetu ilibaki kwa asilimia 51.1, tofauti ya watu wa kujaza ukumbi mmoja mkubwa wa harusi na nusu yake. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri David Dimbleby wa BBC akasema uamuzi wa mwaka 1975, wa kuwa ndani ya soko la pamoja la Ulaya, umegeuzwa, Uingereza imeamua kutoka. Mwishowe ilikuwa 51.9 kwa 48.1. Uskochi ilikuwa imesema kubaki kwa asilimia 62, Ireland ya Kaskazini kwa karibu 56, na zote zinatoka.

Kulikuwa na bibi mmoja asiyelala. Kila usiku tulimpa chai saa kumi na moja alfajiri, sukari mbili, kwenye kikombe cha masikio mawili. Alikuwa amepiga kura kwa posta, ya kutoka, alitutangazia wote. Nilipomwambia wameshinda, alinishika mkono akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo sasa mtaondoka?"

"Nani, bibi?"

"Si wewe, mpenzi. Wale wengine."

Wale wengine alikuwa ni yule Mpolandi. Na bibi huyu hakubali kuogeshwa na mtu mwingine yeyote. Siku ambazo Mpolandi hayupo, haogi.

Saa moja asubuhi tukakabidhiana zamu. Mpolandi aliingia nywele mbichi, akatundika koti, akasikiliza ripoti yote: fulani kala, fulani hakwenda haja, fulani ana alama nyekundu kisigino cha kushoto. Aliandika kila kitu. Alipofunga daftari ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kuuliza kama kuna maziwa:

"Wewe ulipiga?"

Nikasema sikupata nafasi. Zamu, unajua.

Nilikuwa nimepiga, tena nimepiga upande wake. Ukweli ungenipa sifa. Lakini kumwambia nimepiga ilikuwa ni kumwambia kwamba mimi, niliyemkuta hapa, nilipewa penseli nikaulizwa yeye afanyweje. Nikashindwa. Uongo ukatoka mwepesi kama pumzi.

*

Saa mbili na robo, Waziri Mkuu David Cameron alitoka mlangoni kwake na mkewe akasema anajiuzulu. Mimi nilikuwa kwenye basi. Nilipofika nyumbani nikampigia baba, Tanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia redioni wazungu wamevunja jumuiya yao."

"Hawajaivunja, baba. Wametoka wao tu."

"Sawa. Mabehewa yamelala upande gani?"

Baba alikuwa fundi karakana ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 hakukuwa na mtu wa kuhesabu kwa kalamu. Kilicholala Nairobi kilikuwa cha Kenya. Kilicholala Arusha au Mwanza kilikuwa chetu. Ndege kubwa zikabaki kwao; sisi tukafunga mpaka mwezi Februari tukakamata magari ya watalii, vindege na meli. Baba alirudi Tanga na nguo. Sanduku lake la spana, alilolinunua kwa mshahara wake mwenyewe, lilibaki karakana, na mpaka leo anaweza kukutajia spana moja moja kwa namba. Mpaka ulifungwa hadi mwaka 1983, na kwetu huku Wadigo wako pande zote mbili, Horohoro na Lungalunga. Kuna harusi zilizofanywa kwa njia za porini. Mgawanyo wa mali ulitiwa saini Arusha mwaka 1984, baada ya msuluhishi wa Kiswisi, Victor Umbricht, kuzunguka na mafaili miaka mingi. Na mafao? Miaka 30 baadaye wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wanakaa barabarani Dar es Salaam wanadai haki yao. Baba hakwenda. Alisema magoti hayamruhusu kukaa chini kwenye lami.

Nikamwambia, baba, hawa ni wazungu, kila kitu kimeandikwa. Alicheka mpaka akakohoa.

Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi. Maana kumbe Ibara ya 50 ya mkataba wao, ile ya kutokea, ni vifungu vitano tu vifupi: toa taarifa, mna miaka miwili, elewaneni. Mengine yote yakawa maswali ya mabehewa. Deni la kutoka likakadiriwa kuwa pauni bilioni 39. Mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland inayobaki Ulaya, kilomita karibu 500 na njia zaidi ya 200 za kuvukia, ambao tangu amani ya mwaka 1998 mtu anauvuka bila kujua kama kavuka, ukawa ndio mfupa uliokaba koo serikali mbili. Nikisikia wachambuzi wanauliza ng'ombe atakaguliwa wapi, nawaona shangazi zangu wa Lungalunga.

*

Kitu ambacho kura ile ilifanya, na sikukitegemea, ni kuwafundisha wenzangu wa Ulaya maisha niliyokuwa nikiishi mimi. Kuhesabu tarehe. Kutunza kila bili ya umeme. Kushtuka bahasha ya kahawia ikidondoka mlangoni. Chumba cha chai kilichokuwa kinazungumza bei ya ndege kwenda Kraków kikaanza kuzungumza fomu.

Na wakubwa hawakuwa na cha kuwaambia. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa vioja. Boris Johnson, aliyepigia debe kutoka kuliko wote, akatangaza tarehe 30 Juni kwamba uwaziri mkuu hautaki. Nigel Farage, mpiga debe mwingine wa kutoka, akajiuzulu uongozi wa chama chake. Wabunge 172 wa chama cha upinzani cha Labour wakamkataa kiongozi wao Jeremy Corbyn, 40 wakamuunga mkono, naye akabaki. Pauni ilishuka usiku mmoja mpaka kiwango ambacho dola haikuwa imekiona kwa miaka 30. Mimi nililiona kwenye pesa za nyumbani, kama shilingi 300 zimeyeyuka kwenye kila pauni, na mama akadhani nimepunguza makusudi. Hata Dodoma ilitikisika kidogo: mwezi Julai serikali ya Tanzania ikakataa kusaini mkataba wa biashara kati ya Afrika Mashariki na Ulaya, na mojawapo ya sababu ilikuwa hii hii, kwamba mnatuambia tusaini na watu ambao wenyewe wanahamana.

Theresa May akaingia uwaziri mkuu tarehe 13 Julai na msemo wake kwamba Brexit, yaani huku kutoka kwa Uingereza, maana yake ni Brexit. Nilimtafsiria baba. Akasema, na behewa maana yake ni behewa.

Miaka ya katikati nairuka. Kesi mahakamani, uchaguzi wa mwaka 2017 ambao May aliuitisha mwenyewe akapoteza wingi wake bungeni, mawaziri wanaingia na kutoka. Ila msimu wa mwaka 2019 siwezi kuuruka. Hapo bunge likawa tamthilia yetu ya usiku. Tarehe 15 Januari mkataba wa kutoka ambao May alielewana na Ulaya ukaangushwa kwa kura 432 dhidi ya 202, kipigo ambacho serikali ya hapa haikuwahi kukipata katika zama hizi. Akaurudisha Machi, ukaanguka. Akaurudisha tena, ukaanguka. Wabunge wakajipigia kura wenyewe juu ya njia nane tofauti na zote nane wakazikataa. Spika John Bercow anapaza sauti kuita utulivu, na mzee wetu mmoja mwenye kusahau sana, asiyejua jina la mwanawe, akawa anamwitikia kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

Meneja alituambia tuhesabu dawa za kila mzee na mataulo, tuandike zitatosha siku ngapi endapo malori yatakwama bandari ya Dover. Tukahesabu. Tarehe ya kuondoka ilikuwa 29 Machi. Ikafika, ikapita, hakuna aliyeondoka. Ikawa 12 Aprili. Ikawa 31 Oktoba. Serikali ikafyatua sarafu za senti 50 zenye tarehe hiyo ya Oktoba, kisha ikalazimika kuziyeyusha karibu milioni nzima. Hilo baba alilipenda kuliko yote. Aliniomba nimtafutie moja.

*

Mlango wa kuomba hadhi ya kubaki ulifunguliwa rasmi kwa raia wote wa Ulaya tarehe 30 Machi 2019, yaani siku moja baada ya siku ambayo nchi ilitakiwa iwe imeshatoka. Maombi yalifanywa kwa programu ya simu, na wakati ule haikukubali simu za iPhone. Mpolandi ana iPhone. Mimi nina Android ya kioo kilichopasuka kona. Kwa hiyo jioni moja ya Aprili akaja kwangu na pasipoti yake na keki ya mbegu nyeusi.

Simu ilikataa kusoma chipu ya pasipoti. Tukaisogeza juu, chini, tukaigeuza. Mara ya saba hivi nikatoa kava la simu, ikalia. Halafu ikamtaka uso: akaishika mbele, na kioo kikaanza kummulika rangi, nyekundu, bluu, kijani, kama disko la harusi, naye amekaza shingo asipepese. Programu ilimwambia asitabasamu. Hakuwa anatabasamu.

Wakati anasubiri akaniuliza mimi nililipa kiasi gani kwa yangu. Yake ilikuwa bure. Ada ya pauni 65 waliifuta Januari. Mwaka 2018 mimi nililipa pauni 2,389 kwa makazi ya kudumu, juu ya mtihani wa maswali 24 kuhusu wake wa Henry wa Nane na mambo mengine yanayomsaidia mtu kuishi Leicester. Nilimtajia. Alinitazama muda mrefu.

"Na hukuwahi kulalamika."

"Ningemlalamikia nani?"

Jibu lake lilikuja kwa barua pepe baada ya siku chache. Amekubaliwa. Hakuna kadi, hakuna muhuri kwenye pasipoti; hadhi iko kwenye kompyuta za serikali. Barua yenyewe inasema wazi kwamba si uthibitisho wa hadhi yake. Yeye aliichapa, akaenda kuitia plastiki, akaiweka kwenye droo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Bibi wa sukari mbili alikuwa ameshafariki, Februari ya mwaka ule. Mpolandi ndiye aliyemwogesha mara ya mwisho.

*

Waliondoka kweli tarehe 31 Januari 2020, Ijumaa, saa tano usiku. Si saa sita, kwa sababu saa sita ilikuwa ya Brussels. Hata kutoka walitoka kwa saa ya wenyewe. Kengele ya Big Ben ilikuwa kwenye matengenezo na kuigonga usiku ule kungegharimu kama pauni laki tano, kwa hiyo wakaonyesha saa ya taa kwenye ukuta wa ofisi ya Waziri Mkuu, wakapiga sauti ya kurekodi.

Tulikuwa zamu moja, mimi na Mpolandi, tumesimama sebuleni na vikombe. Kwenye kioo watu wanapeperusha bendera, wengine wanalia. Sijui kwa nini nilichagua dakika ile.

"Lile uliloniuliza asubuhi ile," nikamwambia. "Nilipiga."

Hakugeuka. "Najua. Kadi yako ilikuwa kwenye friji mwezi mzima. Nilikuwa naiona kila nikichukua maziwa."

Nikakumbuka kwamba kadi ile sikuwahi kuiona tena, wala sikuwahi kuiulizia.

"Niliitoa mimi," akasema. "Siku ile ile. Niliona ukiikuta pale utajisikia vibaya."

Taa ya chumba namba tisa ikawaka. Mzee wa mle hageuzwi na mtu mmoja. Akaweka kikombe chini, tukaenda.